Kivuli cha Spana Namba Kumi na Tatu

Jumatatu, 3 Februari

Baridi ya kupasua mabomba. Habari kubwa chuoni: kiwanda cha jibini kitamchukua mwanafunzi mmoja tu wa teknolojia ya uzalishaji viwandani. Mmoja! Lazima niwe mimi. Tangu kiwanda cha madirisha kinipunguze kazini, mke wangu Marlys amenivumilia miezi kumi na moja, na uvumilivu wake nausikia ukiisha.

Tatizo ni Verna Stensrud. Miaka sitini na mbili, wajukuu tisa, alama mia kwa mia, na kila Jumatatu anatuletea keki za limau. Huo si usomi, hiyo ni kampeni. Leo Mwalimu Dvorak alitusomea kanuni saba za karakana. Nilisikiliza tatu.

Jumanne, 4 Februari

Nimepata! Kila mwanafunzi ana ubao wake ukutani, na kila chombo kimechorewa kivuli cheusi mahali pake. Chombo kisipokuwepo, kivuli kinakukodolea macho na unakatwa alama. Kesho naitoa spana namba kumi na tatu ya Verna. Nitaifukia kwenye bakuli langu la chakula: nyama ya kusaga, supu ya uyoga ya kopo, viazi juu. Nani atachimba humo? Hata mimi hula kwa kujikaza. Kisha saa kumi jioni, huyoo, kwenye usaili kiwandani.

Jumatano, 5 Februari

Balaa! Saa tisa Mwalimu alikagua mbao, akaona kivuli kitupu, akafunga mlango na ufunguo akautia mfukoni. Kumbe kanuni ya nne: hatoki mtu mpaka kila chombo kirudi mahali pake. Nikamwambia nina usaili. Akasema basi nitafute kwa bidii. Nikatafuta kwa bidii kila mahali ambapo haikuwepo. Jokofu lenye bakuli langu liko kando ya meza yake, naye hakubanduka. Saa kumi ikafika, ikapita. Nilitaka kulia.

Verna akaniona nimepauka, akadhani ni njaa. "Mwanangu, utaanguka. Ngoja nikupashie chakula chako."

Nikakataa. Akarudia. Nikakataa tena. Ila huku Minnesota kukataa chakula ni adabu tu, hakuna anayekuamini kabla ya mara ya tatu, na kabla ya hiyo ya tatu alishaliingiza bakuli kwenye maikrowevu na kubonyeza kitufe.

Cheche za bluu, mshindo, taa zote zikazimika! Verna alichomoa waya kwa utulivu, akachokoa viazi, akatoa spana. Nikasema labda ilidondokea humo.

"Kwenye bakuli lenye kifuniko, Orrin?" akauliza Mwalimu.

Alhamisi, 6 Februari

Adhabu: kunakili kanuni ya nne mara hamsini, kisha kupaka upya vivuli vyote.

Verna naye kawapigia simu kiwandani kunitetea. Eti ilikuwa ajali, mimi ni mtu mwema. Wamenipa usaili mwingine kesho, saa kumi ileile, na wamesema hakuna wa tatu. Marlys amenipigia pasi shati na kuniambia nimwombe Verna radhi leo leo. Nitamwomba nikishapata kazi. Mtu mwema kiasi hicho ni hatari.

Nimemaliza kupaka. Kwenye ubao wa Verna nimeongeza kivuli kimoja, kizuri mno, cha spana ambayo haijawahi kuwepo. Kesho saa tisa Mwalimu akikagua, alama zake kwisha. Na safari hii sijaficha kitu, kwa hiyo hakuna kitakachopatikana.