Kiriba cha Muhogo cha Mwalimu Ephrasia

Wekeni chini majembe, enyi wa Kanazi, na ninyi mshukao bandarini Kemondo kupokea mizigo, simameni kidogo barabarani. Kwa maana nawasimulia vita alivyopigana Mwalimu Ephrasia, mstaafu wa kemia, mshika mwiko asiyetetereka, dhidi ya sufuria moja ya wanga.

Chanzo cha vita kilikuwa msiba. Mwaka uliopita mumewe, Kaijage mwenye panga jepesi, alipochana viriba, vile vifuko vya nailoni vya kuoteshea, ili kupanda miche ya kahawa, alichana na mizizi. Miche arobaini ikafa. Ephrasia alilia machozi ya kweli, kisha akaapa mbele ya kitalu: "Nitafanya kiriba kitakachozikwa pamoja na mche, nacho kioze chenyewe udongoni. Panga halitawagusa tena watoto wangu!"

Akauita muhogo, huo mnyonge ambao katika nchi ya ndizi haukaribishwi mezani mgeni akiwapo. Akaukuna, akauchuja, akatwaa wanga wake mweupe, akauchanganya na maji na matone ya siki, akaupandisha motoni. Wanga ukapigana. Ukatoa mabonge, ukamrushia mapovu ya moto mkononi. Naye akakoroga bila kurudi nyuma hata hatua moja, mpaka uji ule ukawa mzito na kung'aa kama kioo. Akautandaza kwenye sinia lililopakwa mafuta, akauanika. Siku ya tatu utando ukapasuka vipande vipande kama tope la bwawa lililokauka.

"Umekosa kilainisho," akanena. Naye alijua gliserini inakokaa. Ilikaa katika kichupa cha Kaijage, dawa ya visigino vyake vilivyopasuka. Akamimina karibu yote bila kuuliza. Utando wa pili ukakataa kabisa kukauka. Kuku akaukanyaga, akaondoka nao mguuni hadi kwa jirani.

Jumamosi asubuhi Kaijage akasimama mlangoni pa jiko, kichupa mkononi, kimebaki kijiko kimoja.

"Mama Gamaliel, visigino vinavuja damu. Na kesho nasoma somo la kwanza mbele ya parokia nzima."

"Baba Gamaliel, sema neno moja tu, nami nitauweka mwiko chini."

Kaijage akakitazama kitalu.

"Miche ile niliiua mimi," akasema. "Chukua."

Jumapili akaiendea mimbari akichechemea, akasoma bila kukosea. Jumatano utando wa tatu, uliotiwa kijiko hicho kimoja tu, ukabanduka mzima kwenye sinia, laini kama ngozi ya mbuzi. Ephrasia akaukunja, akaugandisha kingo kwa uji wa muhogo, akajaza udongo wenye unyevu, akatia mche mmoja, akamkabidhi mumewe.

Shimo lilikuwa hatua thelathini ndani ya kibanja, shamba lao la nyumbani. Hatua ya ishirini, kitako cha kiriba kikaanza kulegea.

"Kinaniacha, Mwalimu!"

"Usikimbie! Kikinge kwa viganja!"

Akakikinga, akapiga magoti, akakishusha shimoni. Hakuna mzizi uliokatika.

Basi ninyi mnaohesabu siku kuu za nchi hii, iandikeni Jumatano hiyo, kwani mche wa kahawa uliingia ardhini Kanazi ukiwa na nguo yake na mizizi yake yote. Wawili hao wakaketi kando yake, wakaulinda mpaka mvua ikawafukuza.