Kikao cha Kuamua Ndani ni Wapi

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Timau, wenye nyumba na wanaolala kwa wenye nyumba, kwamba Idara ya Uwazi imeunda Kamati ya Kudumu ya Maji Yaingiayo Nyumbani Bila Hodi. Idara hii, kwa wasiojua, husimamia vitu vyote vinavyofunguka: milango, madirisha na midomo ya wananchi. Kwa midomo ina uzoefu wa miaka mingi. Milango bado inajifunza.

Siku tangazo lilipobandikwa, Ruguru alikuwa amepiga magoti sebuleni kwake, akikausha sakafu na blanketi kuukuu huku vifaranga wakimpanda mgongoni. Mama huyu wa miaka sabini na mbili alikuwa amepewa na Idara mlango wa vioo wa kusukuma kando, ule mafundi huita slaidi, katika mradi wa Kila Mzee Aone Mlima. Mlima aliuona, tena vizuri. Jua nalo lilipita kwenye kioo likapasha sebule joto, ndiyo sababu akalea vifaranga hapo, maana baridi ya Timau haina adabu. Lakini mvua ikinyesha tu, maji yalijaa kwenye reli ya mlango, kisha yakamwagika ndani kama yameitwa chai. Vifaranga watatu walikuwa wameshakufa kwa baridi. Waliobaki ndio walikuwa tegemeo lake la mwaka mzima, na mvua za Novemba ndiyo kwanza zinaanza.

Kasoro aliijua. Chini ya fremu kuna vitundu vya kutolea maji, na vitundu hivyo vilitazama zulia. Fundi alikuwa ameweka mlango nyuma mbele, kama mtu aliyevaa sweta gizani. Dawa ni kung'oa fremu na kuigeuza, kazi ya asubuhi moja. Ila kibandiko chekundu cha Idara kilisema atakayeigusa bila barua ya Kamati atanyang'anywa mlango na kuachiwa shimo.

Alhamisi Kamati ikafika. Ilikuwa na watu wawili, yaani ilikuwa imetimia. Mwenyekiti alikuwa Bwana Munyi, mtu wa suti na viatu vilivyochongoka. Makamu wake, ambaye pia alikuwa katibu na mbeba faili, alikuwa binti aitwaye Kajuju. Gari waliliacha huko kwenye lami, kwa kuheshimu tope.

"Hujambo, Shosho," Kajuju akasema, kama amwitavyo bibi yake.

"Sijambo, mwanangu. Piteni polepole. Atakayekanyaga kifaranga atamfufua."

Bwana Munyi akachuchumaa mbele ya reli, akaipima kwa macho kama daktari wa meno.

"Haya maji yanatoka wapi?"

"Juu," Ruguru akasema.

"Juu ni wizara nyingine. Sisi tunaanzia kwenye reli."

"Basi mlango umewekwa nyuma mbele, Mheshimiwa. Hivi vitundu vinafaa kutazama nje."

Bwana Munyi akakohoa. Fundi aliyeuweka aliitwa Kathuri, na Kathuri alikuwa amemwoa dadake Munyi.

"Mama, huu mlango uliwekwa na mtaalamu. Kazi ya vitundu ni kutoa maji nje. Ni uongo?"

"Ni kweli."

"Na vinatoa?"

"Vinatoa. Hapa kwa zulia."

"Basi hapa ndiyo nje."

Ruguru akatazama kiti chake, kalenda ya kanisa na picha ya harusi yake ukutani. "Hapa nilipokaa?"

"Kwa mujibu wa mlango, sebule yako iko nje. Na kule," akaonyesha uani, kwenye sukuma wiki na kamba ya nguo, "ndiko ndani. Hakuna maji yaliyoingia kwako. Yametoka, kama yanavyotakiwa. Katibu, andika: tatizo limekwisha."

"Na vifaranga wangu?"

"Kuku kukaa nje ni kawaida."

Kajuju akaandika. Kalamu ilisita kidogo, ikaendelea. Azimio likatiwa sahihi, likapigwa muhuri, na Ruguru akalipokea kwa mikono miwili.

Ikabaki picha ya faili, ambayo lazima ipigwe mlango ukionekana. Wajumbe wakatoka kwenda uani, Munyi akanyoosha tai. Nyuma yao Ruguru akasukuma mlango ukafunga, akalaza mwiko wa ugali kwenye reli. Slaidi ikishawekewa mwiko haifunguki hata uisukume na trekta.

Mvua ya mlimani haikungoja picha. Ilishuka na mawe yake. Bwana Munyi akarukia kioo.

"Mama, fungua!"

"Nani?"

"Mwenyekiti! Tunanyeshewa!"

"Haiwezekani, Mheshimiwa. Uko ndani. Karatasi ninayo hapa, na muhuri."

"Fungua tuingie!"

"Mtoke, unamaanisha. Mvua yote hii niwatoe nje? Watu watanionaje?"

Kajuju, faili kichwani, aligeukia ukuta. Mabega yalikuwa yakimtikisika.

"Mama, mimi nina kifua!"

"Sogea kwa sukuma wiki, hapo ndipo sebuleni."

Maji yalikuwa yameanza kuingia. Ruguru akapandisha boksi la vifaranga juu ya meza, akarudi kwenye kioo polepole. Nje, Bwana Munyi aling'oa karatasi kwenye faili, akaandika ameiinamia, akaibandika kwenye kioo. Ruguru akavaa miwani.

"'Mlango limewekwa nyuma mbele.' Mheshimiwa, mlango hauwi 'limewekwa'. Darasa la nne ungechapwa."

Akaandika upya, meno yakigongana.

"Na hapa, 'litageuzwa'?"

"Utageuzwa! Utageuzwa, mama!"

"Lini?"

"Kesho!"

Akatia sahihi. Mwiko ukatolewa.

Bwana Munyi alipewa blanketi, akapewa chai. Joto lilipomrudia, akamkumbuka dadake, mke wa Kathuri.

"Kajuju, kwenye muhtasari andika mimi sikuhudhuria."

"Hukuhudhuria, Bwana Mwenyekiti?"

"Nilikuwa na udhuru. Na asiyehudhuria hana sahihi. Ile karatasi ni takataka."

Ruguru akawatazama vifaranga waliojikunyata kwenye boksi.

Kajuju akaandika "Mwenyekiti: hakuhudhuria", akampa atie sahihi kando yake. Akatia, maana ndiyo kazi aliyoizoea. Kisha binti akafungua kitabu cha kanuni, akasoma: "Mwenyekiti asipohudhuria, makamu ndiye atakayeongoza kikao, na uamuzi wake ni wa mwisho."

Akahamia kiti cha karibu na jiko.

"Makamu ni mimi. Lile azimio la kwanza limefutwa, maana aliyelitia sahihi hakuwepo. Kathuri awe hapa kesho saa mbili asubuhi, ageuze fremu." Muhuri ukagonga meza, vifaranga wakaruka. "Sasa, Shosho, ili faili ikamilike." Akamnyooshea kalamu yule bwana wa blanketi. "Huyu ni nani?"

Ruguru akarudisha miwani machoni, akamkagua kuanzia soksi hadi tai.

"Simjui, mwanangu. Nimemkuta nje."