Matusi Niliyomnyima Bwana Karabenta

Jumatatu, 12 Januari 2009

Nina hasira tangu asubuhi. Ofisi ya hifadhi ya taifa inatafuta msichana wa kuongoza wageni kwenye nyumba za kale za jabalini. Mmoja tu. Nikikosa, narudi bustanini kumwagilia vitunguu kwa kibuyu hadi niolewe. Binamu yangu Yapire naye anaitaka kazi hiyo. Huwaambia wageni kwamba Watellem, wenye nyumba zile kabla yetu, waliruka kama popo kufika milangoni mwao. Uongo mtupu. Walipanda kwa kamba za magome. Nimeandika sentensi arobaini na moja, zote za kweli. Nazikariri. Mbele za watu sauti hunipotea, lakini ukweli hauhitaji kelele.

Jumatano, 14 Januari

Mtihani ni Ijumaa. Mkaguzi ni Bwana Karabenta kutoka mjini Mopti. Mbozo! Sisi Wadogon wa jabalini na Wabozo, wavuvi wa mtoni, ni watani tangu mababu. Tukikutana tunatukanana mpaka machozi. Lakini huyu anakuja na sare na faili. Utani ni wa sokoni. Mpango: adabu, adabu, adabu. Yapire atamtukana, atafukuzwa. Simwonyi.

Ijumaa, 16 Januari

Sitaki hata kuandika. Tulisimama chini ya jabali, vijumba vya udongo vimejipanga juu yetu kama viota vya mbayuwayu. Nikafika sentensi ya tatu. Bwana Karabenta akanikatiza: "We mla vitunguu, babu zako walikimbilia huku kuogopa maji ya kuoga?"

Nikainamisha kichwa. Ndiyo, mheshimiwa.

Akajaribu tena. Kichwa changu, alisema, ni ghala lisilo na mtama. Nikamshukuru. Akaniuliza kama naumwa, au nina ugomvi na Wabozo.

Zamu ya Yapire. Hata salamu hakumaliza. "Mtumwa wangu huyu, nani kakutoa mtoni? Hebu simama kule, samaki wako wameoza." Mkaguzi alicheka hadi akakaa juu ya jiwe. Kisha Yapire akasema Watellem waliruka, na mkaguzi akaandika kwenye faili. Waliruka!

Kazi kapewa yeye. Bibi amenigombeza: mtani usipomtukana umemfukuza, mjukuu wangu, umemwambia si ndugu. Mama alinipa kibuyu.

Jumapili, 18 Januari

Kumbe wakubwa hupenda kutukanwa. Basi. Nilikaa jana nzima nikitunga matusi kumi na tisa. Leo mkuu mwenyewe wa hifadhi alipita bustanini kwetu akipeleka wageni jabalini. Nikatoka kati ya vitunguu, nikapaza sauti kwa mara ya kwanza maishani. Nilimwita mtumwa wangu, mnuka samaki, masharubu ya kambare.

Hakucheka.

Sikuwa nimeuliza jina. Ni Mdogon. Tena wa ukoo wetu, baba mdogo wa mama yangu, aliyehamia mjini kabla sijazaliwa. Alisema polepole kwamba angependa kuzungumza na wazazi wangu.

Jumatatu, 19 Januari

Tumemwomba mkuu radhi kwa kumpelekea kuku mweupe. Yapire alikuja kutazama, akaniuliza kama nimebakiza tusi moja la kumwazima. Mshenzi.

Nimetafakari sana. Funzo ni moja: matusi hayafai. Kwa hiyo nimemwandikia Bwana Karabenta barua, kurasa mbili, yenye "mheshimiwa" kumi na nne. Nimemhakikishia kwamba siku zote nitamheshimu kama mtu nisiyemjua kabisa. Akishaisoma, lazima atanipa kazi.