Mkato wa Fundi Buya

Gazeti lilifika Garsen likiwa na umri wa siku nne, maana tangu mvua za El Nino zing'oe barabara, hata habari zilikuja zikichechemea. Karisa, ambaye wenzake walimbatiza Redio kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia, alilikunjua kwenye benchi la kahawa la Mwanaarusi, akaruka kama aliyeingiwa na siafu.

"Haki ya Mungu! Si huyu ni Tamar? Tamar aliyekuwa akijifunza kushona kwa Buya, kisha kwa Ngala!"

Fundi Buya, ambaye cherehani yake ilikuwa hapo hapo barazani pembeni ya benchi, aliinua kichwa huku mkasi ukiendelea na safari yake. Ndivyo alivyofanya kazi siku zote, mkono kwenye kitambaa, mdomo kwenye mabishano.

"Tamar yupi? Yule wa kuimbaimba?"

"Siku hizi ni Tamtam, bwana! Anajaza mahoteli Mombasa. Tena si kuimba tu, anabuni na mavazi. Ona!"

Wakaona. Tamar kashika maikrofoni, na nyuma yake wapiga gitaa wanne wamevaa mashati ambayo bega moja liko juu, la pili limeshuka, na pindo la upande mmoja linataka kufika gotini.

"Hawa watu napigwa?" aliuliza Halkano, dalali wa ng'ombe mnadani, ambaye Kiswahili chake kilikuwa na haraka zake. "Ama nashuka kwa lori ya mbuzi?"

"Fesheni hiyo, wewe! Gazeti linasema inaitwa mkato wa Tana. Mombasa watu wanaipigania."

"Basi Mombasa kumeharibika," alisema Mwanaarusi akimimina kahawa. "Kwetu Kipini shati kama hilo hata vikombe sipangusii."

Buya alicheka kuwashinda wote. Alicheka mpaka Redio alipofika chini ya ukurasa.

"'Mkato huu sikuubuni mimi,' asema Tamtam. 'Nilifunzwa na fundi mmoja Garsen, jina limenitoka. Aliniambia nikate kama anavyokata yeye, nami nikakata hivyo hivyo. Namtaka awe mkuu wa karakana yangu. Ijumaa namtuma mtu amtafute.'"

"Leo si ndiyo Ijumaa?" akauliza Mwanaarusi.

Buya akauweka mkasi chini. Mkuu wa karakana! Mombasa! Tangu azaliwe hajawahi kuwa mkuu wa chochote; hata nyumbani kwake alikuwa wa tatu, baada ya mkewe na mama mkwe. Lakini angeinuaje mkono mbele ya watu hawa? Miaka ishirini, kila mteja aliyerudi kulalamika alimjibu jibu moja tu: "Shati liko sawa. Bega lako ndilo limeshuka." Na wakaamini, masikini ya Mungu, kwa sababu alisema huku utepe wa kupimia umening'inia shingoni.

"Mimi najua si Buya," alisema Halkano. "Buya nakata sawa kabisa. Sisi ndio napinda."

"Kabisa," Redio akaunga mkono. "Mimi mwili wangu naujua."

Buya aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Afadhali wangemtukana.

"Basi atakuwa Ngala," alisema Mwanaarusi. "Tena mwoneni, ashavaa koti."

Ng'ambo ya barabara, fundi Ngala, ambaye hajapindisha hata uzi mmoja tangu ashike sindano, alikuwa akifagia kibaraza chake na kutazama stendi. Buya akashindwa kuvumilia.

"Ni mimi!" alifoka. "Ngala atapinda kwa elimu gani? Mimi ndiye! Mashati yote niliyowashonea yamepinda. Nyinyi hamna kasoro. Wote mmenyooka, mlinyooka tangu kuzaliwa!"

Redio akalikunja gazeti.

"Rudia," alisema Redio polepole. "Kwaya ilinitoa mstari wa mbele kwa sababu ya bega."

"Bega lako zima."

Halkano alisimama. Kwa kuwa alikuwa ameambiwa miaka tisa kwamba bega lake la kushoto limeshuka, alikuwa amezoea kulishusha ili lilingane na shati, na sasa lilishuka lenyewe.

"Buya. Mimi naoa na bega hii. Naambia baba mkwe ukweli, mimi iko na kasoro. Yeye nasema basi ongeza ng'ombe mtamba kwa mahari. Naongeza mtamba, Buya!"

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Mtamba ya maziwa!"

Pengine wangempiga, lakini basi la Mombasa lilisimama, akashuka dada mmoja wa miwani myeusi, amebeba bahasha na kipande cha kitambaa. Akajitambulisha kuwa ni Lorna, ametumwa na Tamtam. Ghafla wote wakakumbuka kwamba kuwa na rafiki mkubwa Mombasa ni jambo la maana.

"Huyu hapa!" Redio alisema akimsukuma Buya mbele. "Hakuna anayepinda kama huyu!"

"Tafadhali, wazee," alisema Lorna kwa uchovu. "Tangu Minjila nimeonyeshwa mafundi sita, wote wanaapa wamepinda. Fundi, nikatie shati moja nione."

Mwanaarusi akaweka kidole mdomoni. Redio akauma kofia yake. Halkano akakunja mikono, mtamba wake akamweka pembeni kwa muda. Garsen nzima ilinyamaza ili Buya apinde kwa raha zake. Akatandaza kitambaa, akapiga chaki, akakata. Hakuna aliyemchokoza, naye hakuinua kichwa hata mara moja. Akaunga vipande, akapitisha cherehani, akampa Lorna.

Lorna akalikunja katikati. Bega juu ya bega. Pindo juu ya pindo. Hakuna lililozidi hata unywele.

"Fundi," alisema kwa huruma ya kweli, "hii ni kazi safi sana. Pole."

Akaliacha juu ya benchi, akaenda zake stendi na bahasha yake.

Buya akaketi chini kabisa, sakafuni. Machozi yalimlenga. "Miaka ishirini nalitafuta shati hili," alisema. "Miaka ishirini, jamani. Likaja leo!"

"Makosa yetu," alisema Mwanaarusi, akimpa kahawa bila kuombwa. "Tumekunyamazia. Wewe bila ubishi, mkono wanyooka."

Hapo Halkano akaliokota lile shati, akalivaa bila kuuliza mtu. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Bega lake likashuka kama kawaida yake, na shati likashuka nalo. Uso ukamkunjamana.

"Fundi, hii naharibu. Hii napinda! Rekebisha hapa kushoto, kaa ile zangu za siku zote."

Buya akafuta macho, akainuka, akavuta utepe shingoni.

"Simama vizuri," alisema. "Na wewe, Redio, anzisha ubishi, nifanye kazi."