Neno Nililompelekea Mzee Mseti

Alhamisi, 5 Juni
Helena amekubali. Jumamosi naenda Butiama kujitambulisha kwa baba yake, Mzee Mseti, aliyefundisha Kiingereza sekondari miaka thelathini. Tatizo ni Nathan. Tunafanya kazi naye duka moja la kuchapa barua hapa Musoma, na mwaka jana alimposa Agness, dada yake Helena. Anasema alisimama, akatoa hotuba ya Kiingereza, mzee akalengwalengwa na machozi. Huwaga anaisimulia kila Jumatatu. Siwezi kuingia ukoo ule nikiwa chini yake.

Nimepata neno: "dominate". Watangazaji wa mpira hulisema timu ikicheza vizuri mno. Maana yake iko wazi. Ni kupendeza uwanja mzima.

Jumamosi, 7 Juni
Nimeenda na mjomba Matiko wa Nyegina, msemaji wetu. Ugali wa muhogo, sato, mambo shwari. Mjomba alipomaliza, nikasimama bila kuombwa. Nikasema kwa Kiingereza kwamba nampenda Helena na nitam-dominate kila siku mpaka kifo.

Mjomba, asiyejua Kiingereza, akapiga makofi peke yake.

Mzee Mseti akaniomba nirudie. Nikajua limemgusa. Nikarudia, nikamwongeza na mama mkwe. Akavua miwani, akauliza nyumbani kwetu nani anam-dominate nani. Nikasema baba alim-dominate mama miaka arobaini, na mama hakulalamika hata siku moja.

Tumerudi mapema kuliko tulivyopanga.

Jumapili, 8 Juni
Helena kapiga simu baada ya misa. Kaniuliza kama najua nilichosema. Nikamweleza habari za mpira. Akasema ni kumtawala mtu, kumkalia kichwani mpaka asiwe na kauli. Timu huwafanyia hivyo wapinzani.

"Kwa hiyo mimi ni mpinzani wako, Samweli?"

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia. Chakula hakipiti. Nimelazimisha sahani mbili tu.

Jumanne, 10 Juni
Nathan keshasikia kwa Agness. Kaja na soda, kainywa taratibu mbele yangu. Kajitolea kunifundisha. Nimekataa.

Nimefungua kamusi. Kumbe hata kilima huweza ku-dominate mji, yaani kusimama juu yake kikaonekana toka kila upande. Nimepona! Nimemwandikia mzee kurasa mbili za Kiingereza: Helena ndiye kilima, mimi ndiye mji. Nathan kaomba aikague barua. Nimeificha ndani ya shati, nikampa kondakta wa gari la Butiama.

Ijumaa, 13 Juni
Barua imerudi. Wino mwekundu kila mstari. Makosa arobaini na moja, mzee kayahesabu. Sentensi moja tu ina alama ya vema, ile isemayo Helena atani-dominate maisha yangu yote. Pembeni kaandika: "Hii ni sahihi. Njoo kesho. Useme Kiswahili."

Jumamosi, 14 Juni
Nimesema Kiswahili. Nimesema niliogopa kuonekana mdogo mbele ya Nathan, na kwamba Helena nampenda hata nikinyamaza. Mzee akamtazama binti yake.

"Baba, mwache," Helena akasema. "Huyu hawezi kumtawala hata kuku."

Wote walicheka, mama mkwe kuliko wote. Nimekubaliwa. Sharti ni moja: siku ya arusi nisiseme Kiingereza. Nimeapa mbele ya mjomba.

Jumatatu, 16 Juni
Nathan katangaza kwamba arusini kwangu atahutubia kwa Kiingereza, dakika kumi. Kwangu!

Mchana kaja bosi mmoja kuchapisha barua ya mfanyakazi wake. Ndani mna neno "terminate". Zito, lina heshima. Bosi alilisoma akatabasamu. Mfanyakazi alipokabidhiwa barua yake pale mlangoni, alirudisha funguo za ofisi huku machozi yakimtoka, bila shaka kwa furaha.

Neno moja si kusema Kiingereza. Nitamshika Helena mkono na kulitangazia kanisa zima kwamba ndoa hii nai-terminate leo, mbele za Mungu.