Nyama Iliyoachiana Mikono

Jumatatu, 9 Juni 2025
Aibu! Fransisko, dereva wa basi la Namanyere, ametafuna nyama yetu mpaka abiria wakaenda kumpigia honi. Kipande akakirudisha kwenye sahani kizima. Akaniuliza kama huyu ng'ombe tumempika na jembe lake. Kwa haki kabisa, ni maksai wa Shigela, mfugaji jirani yetu. Kalima maisha yake yote, kazeeka, kaishia kwenye sufuria yetu. Ng'ambo ya barabara, kwa Rahel, watu wanakula huku wanapiga stori. Rahel akanipungia mkono. Mshenzi!
Mbaya zaidi: Jumamosi ni kipaimara cha binti wa Fransisko, na chakula tumepewa sisi. Shangazi Gaudiosa kasema nyama ikiwa ngumu tena, Jumapili napanda gari la Mwazye nikalime maharage. Mwazye! Mimi! Na mgahawa huu mimi ndo niurithi!

Jumatano, 11 Juni
Sijielewi. Nimeangalia video ya sayansi kwenye simu, jamaa anaongea kama mnadishaji. Kumbe mwili ni seli, na seli zimeshikana mikono! Mikono yenyewe ni protini, imejitokeza juu ya utando wa seli. Inaitwa vipokezi. Na haishiki ovyo. Kuna inayokaa imekunjwa, mpaka protini nyingine kutoka ndani iivute mkia. Hapo ndo inanyooka, inashika kamba zinazopita kati ya seli na seli. Ikishika, habari inarudi ndani kwamba tayari. Bila hiyo mikono mtu anamwagika.
Nimejitazama kwenye kioo. Duh. Kumbe mimi ni umati.
Basi dawa ya maksai ni kukata mikono! Utomvu wa papai bichi unakata protini. Huku kwetu baridi, mapapai hayataki, nimeyapata kwenye lori la dagaa la Kasanga. Nimepaka kipande kimoja. Kimelainika! Shangazi kala, kanyamaza. Shangazi akinyamaza ni sifa.

Alhamisi, 12 Juni
Vidole vinawaka moto. Ngozi imebabuka. Simu imekataa kidole changu, inasema haikitambui. Simu yangu mwenyewe imenikana!
Nimekimbilia kwa dada Herieth, muuguzi, tumepanga nyumba moja. Kaninawisha maji mengi, kaniuliza nimeshika nini. Nikamwambia.
"Coleta, utomvu hauulizi protini ni ya nani. Unakata ya ng'ombe, unakata na yako."
Yaani nilikuwa najilainisha mwenyewe, kitoweo kinachotembea! Kasema niache kabisa. Mimi nilichosikia: dawa ina nguvu. Nimemwomba glavu. Kesho naloweka karai zima.

Jumamosi, 14 Juni
Sijui hata nianzie wapi.
Nyama ililala kwenye utomvu. Asubuhi nikainjika kwa moto mdogo, maana jamaa wa video alisema uvuguvugu unaiamsha dawa. Nikafunua sufuria. Hakuna nyama! Mifupa mitupu, safi, imesimama kwenye uji. Nikakoroga nikidhani nyama imezama. Wapi! Mikono yote imeachia. Maksai kamwagika!
Wageni wameshakaa. Binti kavaa gauni jeupe. Tukapakua ugali na uji wa ng'ombe. Bibi mmoja akaomba kijiko. Fransisko akaitazama sahani, akasema taratibu mbele ya watu wote, "Jumatatu nilishindwa kutafuna. Leo sina cha kutafuna."
Rahel ndiye aliyeokoa sherehe, kaleta sufuria yake mwenyewe. Na hakunicheka. Hiyo ndo imeniuma. Nikamuuliza siri yake, akasema anainjika alfajiri tu. Mwongo!
Shangazi hakunigombeza. Alisema, "Kesho saa nne. Gari la Mwazye."

Jumapili, 15 Juni
Begi nimefunga kwa machozi. Halafu nikaimalizia ile video, kule mwisho ambako huwa naruka. Mungu wangu! Kuna mikono mingine, ya seli kwa seli, ambayo bila kalsiamu haishikani kabisa! Na kalsiamu imejaa kwenye maziwa.
Kumbe tatizo siyo sherehe. Mimi na Shangazi tumeishiwa kalsiamu, ndo maana tunaachiana!
Nikakimbilia maziwa kwa Shigela. Chai nikaipika ya maziwa matupu. Shangazi akasema toka utoto maziwa na tumbo lake haviivi. Nikambembeleza, chai ya kuagana hiyo. Kanihurumia, kanywa vikombe vitatu.
Tumefika mlangoni na begi, kasimama. Kashika tumbo. Kakimbilia uani. Honi ya gari la Mwazye ikalia stendi, ikalia tena, ikapotea. Shangazi bado yuko chooni! Alipotoka kaegemea ukuta, sauti ndogo:
"Coleta, mwanangu, nishike mkono."
Nimeshtuka mpaka nimeangusha ndoo. Nishike mkono! Kama kwenye video! Mkono wake ulikuwa umekunjwa tu, unasubiri amri kutoka ndani. Na kweli, ndani kumetoka amri.
Sasa kalala. Kasema hawezi kusimama, kesho jiko nishike mimi, na nisijaribu kitu chochote.
Sijaribu. Hii imeshathibitishwa. Nimemwagiza Shigela alete maziwa debe zima. Kesho kila abiria wa Namanyere anaanza na kikombe kikubwa, bure, kabla basi halijaondoka. Tuone kama ataenda tena kwa Rahel.