Kuutundika Mtumbwi wa Marlys

Jumatatu, 28 Oktoba

Janelle kapiga simu asubuhi. Binti yangu hapigi simu asubuhi kwa heri. Theluji inakaribia hapa kwetu Duluth, kasema, nami bado nalaza gari barabarani. Mwaka jana manispaa ililivuta ili ipate kuzoa theluji. Jumamosi anakuja na lori la mumewe. Kisicho na mahali pake ndani ya banda la gari, kinaondoka. Nikamuuliza, hata mtumbwi wa mama yako? Akajibu kwa swali: “Sasa Baba, gari litaingia wapi?”

Swali zuri. Tangu tumzike Marlys mwezi Machi sijahamisha hata ndoo mle ndani.

Lakini jibu ninalo. Dari! Nitatundika kila kitu juu, gari lipite chini. Mtumbwi kwanza. Ninachohitaji ni mikanda tu.

Jumanne, 29 Oktoba

Duka la vifaa. Ukuta mzima wa mikanda! Ya mpira yenye kulabu. Ya kunata. Ya bizimu. Ya kikazio chenye gurudumu la meno, ambayo ukivuta mpini inakoroma na hairudi nyuma. Nilisimama pale mpaka muuzaji akaniuliza kama najisikia vizuri. Nikachagua ya mpira. Laini, haichubui. Tena ya njano, na Marlys alipenda njano.

Jirani yangu Duane alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Banda la Duane ni kama chumba cha upasuaji. Hata ufagio umechorewa mahali pake ukutani. Akatazama nilichoshika. Akasema mpira ule ni wa kushikia bakuli la viazi lisimwagike ukilipeleka kwenye mlo wa kanisa. “Chukua ya meno, Verlyn. Mpira unarefuka, bwana. Mtumbwi utashuka mdogo mdogo mpaka ukubusu kipara.”

Foleni nzima ikacheka. Nikamshukuru, kama desturi yetu. Nikalipia ya mpira.

Jumatano, 30 Oktoba

Haukunibusu kipara. Ulinigonga bega.

Nimerudi dukani kwa mlango wa nyuma, Duane asinione. Nimenunua ya meno.

Makasia yalinichelewesha. Yamefungwa pamoja kwa kamba kuukuu, na fundo ni la Marlys. Alilifunga tulipotoka ziwani mara ya mwisho, akasema tutalifungua majira ya joto. Ncha ya kamba imetafunika. Alikuwa akikaza mafundo kwa meno, nami nikimkataza kila mara, naye akinijibu huku kamba imo mdomoni, nisielewe neno. Muuzaji alisema kamba za zamani zikatwe. Nimepitisha mkanda mpya juu yake, mbali na fundo. Vyote viwili vimeshika.

Ijumaa, 1 Novemba

Nimemaliza! Mtumbwi, makasia, sanduku la mapambo ya Krismasi, kiti chake cha kuvulia samaki kwenye barafu. Vyote darini. Nilikaza mikanda mpaka ikaimba. Sakafu tupu kama siku tuliyohamia, Marlys akicheza dansi peke yake katikati, na viatu vya theluji.

Duane kaingia kwa mlango mdogo wa pembeni. Akauchezesha mkanda kwa kidole, akasema, “Si mbaya sana.” Kwa mtu wa huku hiyo ni medali. Kisha akatazama dari, akatazama mlango mkubwa uliofungwa, akatazama dari tena. Akaaga, akaenda zake.

Wivu!

Jumamosi, 2 Novemba

Theluji imeanza. Janelle kafika. Nimemsimamisha nje, gari linanguruma, nikabonyeza kitufe kwa madaha.

Mlango wetu haufunguki kando. Unapanda, kisha unalala chini ya dari. Palepale penye mtumbwi. Ulifika usawa wa magoti, ukagonga, ukakwama. Mikanda haikulegea hata kidogo. Mikanda bora kabisa.

Janelle akaingia kwa kutambaa. Nikamfuata, nikingoja acheke. Alikuwa amesimama chini ya makasia, ameshika lile fundo. “La Mama hili,” akasema. Kisha akaniambia hakutaka kuutupa mtumbwi. Alitaka kuuweka kwake, karibu na ziwa, awafundishe watoto. Hakujua aniombe vipi.

Nikasema wauchukue. Sikutegemea kusema hivyo. Makasia akayaacha, na fundo lake, atanunua mengine.

Tulipofungua mikanda mlango ukapanda bila kinyongo. Duane akaja kusaidia kubeba. Hakusema neno. Hajawahi kunitusi vikali namna ile.

Jumapili, 3 Novemba

Gari limo ndani. Nje kumekuwa kweupe, mtaa mzima kimya. Baada ya ibada nimekwenda kwa Janelle. Mtumbwi uko chini, sakafuni, kwenye banda lao, watoto wamekaa ndani yake wanapiga makasia hewani kwa mikono mitupu. Janelle kalalamika kuwa sasa gari lao halina pa kulala.

Nimeitazama dari yao. Ndefu, imara, haina kitu. Nimemwambia asihangaike, kesho nakuja na mikanda. Ni kweli mlango wao nao unapanda, lakini nadhani kwangu sikukaza vya kutosha.